Mgonjwa wa Mashine Asiachwe Chali

Tangu wimbi la pili la Covid-19 lilipojaza hospitali za Kampala Juni 2021, habari za wagonjwa mahututi huishia kwenye mashine za kupumulia: ziko ngapi, ngapi zimeharibika. Ni haki kuuliza. Utafiti uliochapishwa 2020 ulikuta vitanda 55 tu vya wagonjwa mahututi vinavyofanya kazi Uganda nzima. Lakini aliyebahatika kupata kitanda hicho, amelazwaje? Hilo halisemwi, na ndilo linaloua kimya kimya.

Mgonjwa aliyetiwa usingizi, mrija ukiwa kooni, hakohoi wala hamezi. Akilazwa chali, mate na chakula anacholishwa kwa mpira wa puani hupanda, vikapenya kandokando ya mrija mpaka mapafuni, na nimonia ikaanza. Huko Barcelona, utafiti wa 1999 kwa wagonjwa 86 ulionyesha kuwa kati ya waliolala chali, asilimia 34 walishukiwa kupata nimonia. Walioinuliwa nyuzi 45, asilimia 8. Leo wataalamu hushauri nyuzi 30 hadi 45. Majeruhi wa bodaboda aliyeumia kichwa huhitaji hivyo pia: kichwa kikiinuliwa na shingo ikinyooka, damu hushuka vizuri na ubongo haubanwi sana. Anayehofiwa kuvunjika uti wa mgongo hakunjwi. Huinamishwa kitanda kizima.

Mapafu yakiharibika vibaya, dawa ni kumlaza kifudifudi. Mtu akiwa chali, moyo na uzito wa mapafu yaliyojaa maji hukandamiza sehemu ya nyuma, ambako ndiko kwenye mapafu mengi. Katika utafiti wa Ufaransa na Hispania uliotolewa 2013, wagonjwa 466, waliolazwa kifudifudi angalau saa 16 mfululizo walikufa asilimia 16 ndani ya siku 28. Wenzao waliobaki chali walikufa karibu asilimia 33. Ni nusu ya vifo, na mashine ni zile zile!

Kinachotakiwa ili kumgeuza mgonjwa ni mikono. Mmoja husimama kichwani, ameshika mrija usichomoke, na yeye ndiye anayehesabu ili wote wageuze pamoja. Wanne hushika shuka, wawili kila upande. Mito huwekwa chini ya kifua na nyonga, macho hufungwa yasikauke, uso hugeuzwa kila baada ya saa chache mashavu yasitoke vidonda. Zamu ya usiku yenye wauguzi wawili haiwezi kazi hii, hata wawe hodari namna gani. Kuwalaumu ni kuwaonea.

Kwa hiyo Wizara ya Afya inapotangaza mashine mpya, itangaze pamoja nazo idadi ya wauguzi walioajiriwa kuzisimamia, na ihakikishe kila kitanda kinainuka upande wa kichwa. Hospitali nazo ziandike nyuzi za kitanda kwenye chati kila saa, sambamba na presha na joto. Kitanda hushushwa mgonjwa anapooshwa, kisha kikasahaulika hivyo hivyo hadi asubuhi.

Na ndugu wanaoruhusiwa kuingia wana haki ya kumuuliza mhudumu wa afya: "Musawo, mbona kitanda kimeshushwa?" Pengine ipo sababu, presha imeanguka au kuna kipimo kinachukuliwa. Waelezwe, wasifokewe.