Uta uliokwanguliwa mno bado una kazi

Sikubaliani na rai kwamba uta uliokwanguliwa mno mahali pamoja umekuwa kuni. Ukipunguza unene wa mti kwa asilimia 10 tu, unapoteza kama asilimia 27 ya ugumu wake wa kupinda, kwa hiyo mpindo wote hukimbilia hapo palipodhoofika. Huku Ngomeni, pwani ya Kenya, ubao mbovu wa mashua hung'olewa ukatiwa mwingine. Uta hauna ubao wa kubadilisha, na kiraka cha gundi na uzi hakiondoi chanzo. Tiba ni kukwangua kwingine kote, upande wa tumbo unaomkabili mvutaji, mpaka nusu zote mbili zipinde sawa, na kutouvuta kwa nguvu kabla ya hapo. Mgongo usiguswe: nyuzi za mti zikikatwa huko, ndiko uta utakakovunjikia.

Kukwangua huko kutaupunguzia uta nguvu, na wapo watakaosema uta mwepesi ni aibu katika nchi ya Waata, ambao mata yao ya kuwindia ndovu, bara ya Malindi hadi Tsavo, yalipimwa yakazidi ratili 100. Sifa hiyo wanaistahili kabisa. Lakini nguvu ile ilikuwa ya ndovu, tena ikisaidiwa na sumu ya mshale, na Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Ratili 40 zinatosha kulenga shabaha na kumfundisha kijana. Uta ukiwa mrefu wa kutosha, kuufupisha kidogo ncha zote mbili hurudisha sehemu ya nguvu iliyopotea. Ila ufa ukishaonekana mgongoni, hapo nakubali: usivutwe tena.