Dini kati ya nyumba na mtaa: Kinondoni na Temeke

Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inaihesabu dini kuwa hiari ya mtu binafsi na kuziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Sensa nayo haijauliza dini ya mtu tangu ile ya mwaka 1967. Kwa maandishi, dini inabaki ya mtu na nyumba yake. Huko Mbagala, Tandika au Bunju, jijini Dar es Salaam, hata hivyo, nyumba zenyewe zinaegemea misikiti na makanisa kwa mambo mazito ya maisha.

Msiba unaonyesha hilo kuliko jambo lolote. Muislamu akifariki, jeneza hutoka msikitini, waumini wa hapo humuosha na kumkafini, na baada ya mazishi khitma husomwa. Kwa Wakatoliki kazi hiyo ni ya jumuiya ndogo ndogo, zinazokutana nyumbani kwa wanajumuiya kwa zamu. Anayetaka kufunga ndoa au kubatiza mtoto huhitaji viongozi wa jumuiya wamthibitishe kwa paroko. Asiyehudhuria wala kuchangia anaweza kuzikwa bila padri. Masharti hayo ni makali, lakini yana sababu: wakazi wengi wa pembezoni mwa jiji walihamia kutoka mikoani, ukoo uko mbali, na jumuiya imebeba kazi ya ukoo. Mzigo wake pia ni wa kweli. Michango ya ujenzi na ya misiba huwaangukia watu wanaotafuta riziki ya siku kwa siku, na anayeshindwa kutoa huanza kujificha kwa aibu, wakati ule ule anapohitaji wenzake kuliko siku zote.

Serikali yenyewe imeiingiza dini katika mambo yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za kiserikali, na viongozi wa dini wenye leseni hufungisha ndoa zenye nguvu ya kisheria. Kabla ya kuomba talaka mahakamani, kwa kawaida wanandoa hupitia kwanza baraza la usuluhishi, na mabaraza ya BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, ni miongoni mwa yanayotumika. Ndiyo maana hoja ya Mahakama ya Kadhi, iliyotajwa katika ilani ya CCM ya mwaka 2005, haikuwa ngeni kama wapinzani wake walivyodai. Ilihusu ndoa, talaka na mirathi, mambo ambayo tayari yanaamuliwa kwa mizani ya dini.

Mtaani mpaka huwekwa na majirani. Katika shughuli ya Wakristo, mbuzi huchinjwa na jirani Muislamu ili wageni wote wale, na kitimoto huuzwa mahali pake. Makubaliano haya hayana sheria nyuma yake, na yanapovunjika jiji zima hutikisika. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa. Februari 1998 polisi walifyatua risasi Mwembechai, Magomeni, na watu wakauawa. Oktoba 2012 ugomvi wa watoto wawili wa Mbagala kuhusu Msahafu uliishia kwa makanisa kushambuliwa. Tukio hili la mwisho ndilo linalouma zaidi, kwa kuwa wazazi, shehe na mchungaji wa mtaa wangeweza kulimaliza kwenye mkeka mmoja. Badala yake lilifika kituo cha polisi, umati ukafuata huko, na likawa suala la usalama wa taifa.

Dola hushika dini kwa mkono huo huo wa usalama hata upande wa siasa. Askofu Josephat Gwajima alichaguliwa mbunge wa Kawe, Kinondoni, kwa tiketi ya CCM mwaka 2020, na uaskofu wake haukuonekana kuwa kikwazo. Juni 2025, baada ya Gwajima kukemea utekaji wa raia, Msajili wa Jumuiya alilifutia usajili kanisa lake. Kama kosa lilikuwa maneno ya kiongozi, aliyestahili kujibu ni kiongozi. Kufuta usajili kuliwaadhibu waumini ambao hawakusema lolote, na kwao hasara haikuwa ya ibada ya Jumapili peke yake. Sheria ya Jumuiya inapaswa kutenganisha waziwazi makosa ya mhubiri na haki ya waumini kuendelea kukusanyika, kuoana na kuzikana.