Mguu Usiolalamika

Mgonjwa wangu mmoja, muuza samaki wa makamo, alitembea siku nzima na kizibo cha soda ndani ya kiatu. Alikigundua jioni alipovua, soksi ikiwa imelowa damu. Hakuwa mzembe: kwa zaidi ya miaka 10 alikuwa akimeza dawa zake za kisukari na hakukosa tarehe ya kliniki. Ila mguu wake ulikuwa umeacha kumpa habari, naye aliudhania ukimya huo kuwa ni afya. Tulimkata vidole viwili.

Sukari inapokaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na ile mirefu zaidi ndiyo hutangulia kuumia. Kwa hiyo ganzi huanzia kwenye vidole vya miguu. Baadhi ya wagonjwa huhisi moto au kuchomwachomwa usiku, wengine hawahisi lolote. Daktari Paul Brand, aliyewatibu wagonjwa wa ukoma huko Vellore, India, alionesha kwamba vidole vyao viliharibika hasa kwa sababu ya majeraha yasiyohisiwa. Kwa mwenye kisukari mambo ni yale yale. Twasema panya huuma huku akipuliza; hapa Dar es Salaam madaktari wamekwisha kuandika habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini, wasiamke. Kwa hao, panya hana haja ya kupuliza.

Siku hizi tunahimizwa sana kujitunza, na wengi huelewa kuwa ni kupumzika, kupaka mafuta mazuri na kukandwa mwili. Sina ugomvi na hayo. Lakini kwa mtu ambaye nyayo zake zimenyamaza, kuujali mwili ni kazi ya macho na mikono: kuketi kila jioni penye mwanga, kuugeuza unyayo na kuupapasa polepole, kama mama ampapasavyo mtoto mwenye homa. Asiyeweza kuinama aweke kioo sakafuni, au amwite mjukuu. Maji ya kuoshea yapimwe kwa kiwiko. Katikati ya vidole pakaushwe vizuri, wala pasipakwe mafuta. Sugu isichongwe kwa wembe. Kiatu kikung'utwe kabla ya kuvaliwa, na hata ndani ya nyumba mtu asitembee peku. Mwislamu atawadhaye mara tano kwa siku tayari anayo nafasi. Kilichobaki ni kutazama anapoosha, kisha kujifuta. Na kidonda, hata kisichouma, kipelekwe kituoni mara moja. Kisichouma ndicho kinachonitia hofu zaidi.

Hata hivyo, siwezi kumlaumu mgonjwa asiyeitazama miguu yake ilhali sisi wenyewe hatuitazami. Kliniki zetu hujaa tangu alfajiri. Tunasoma kipimo cha sukari, tunaandika dawa, tunapanga tarehe nyingine, na viatu bado viko miguuni. Wapo wanaosema kituo chao hakina ule uzi wa plastiki unaopinda kwa mgandamizo wa gramu 10. Basi tutumie kidole. Mgonjwa afumbe macho, nasi tumguse kidogo tu, bila kubonyeza, kwa sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Akikosa kuhisi mara mbili au zaidi kati ya hizo sita, mguu huo umo hatarini. Dakika mbili zatosha.

Wagonjwa wengi huona haya kuvua viatu mbele yetu. Huomba radhi kwa nyufa, kwa vumbi, kwa kucha. Tupokee miguu hiyo bila kukunja uso, maana aliyekunjiwa uso leo hatavua tena.

Yule muuza samaki sasa huvua viatu kabla sijamwambia. Mara ya mwisho alinionesha lengelenge dogo pembeni mwa unyayo, kubwa kidogo kuliko punje ya mtama. Alikuwa ameliona mwenyewe usiku uliotangulia, kwa mwanga wa simu.