Nairobi: Viwanja vya tenisi vipo, lango hufunguliwa kwa nani?

Mcheza tenisi wa Kampala akihamia Nairobi kwa masomo, biashara au ajira, swali la kwanza analokutana nalo si la ubora wa uwanja wala la kiwango cha wachezaji. Anaulizwa ni mwanachama wa klabu gani. Jijini Kampala jibu la mahali pa kuanzia hupatikana kwa neno moja, Lugogo, kwenye viwanja vilivyo katika eneo la Baraza la Taifa la Michezo. Nairobi haina neno moja la namna hiyo. Ina klabu nyingi, za zamani na za kifahari, na karibu kila moja ina ukuta, mlinzi na daftari la majina.

Ukuta huo una historia. Klabu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1901, wakati mji wenyewe ulikuwa kambi ya reli iliyoanza kuota mizizi. Klabu ya Michezo ya Parklands ilifuata mwaka 1906, na ile ya Muthaiga ikafungua milango yake mwishoni mwa mwaka 1913. Zilikuwa za Wazungu. Wahindi, Masingasinga na Wagoa, waliofungiwa nje, walijijengea klabu zao wenyewe. Baadaye mabenki na shirika la reli yakawajengea wafanyakazi wao viwanja. Mwafrika, kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho, aliingia humo kama mpishi, mtunza bustani au mwokota mipira. Ubaguzi wa rangi ulikwisha kisheria, na leo wanachama wengi wa klabu hizo ni Waafrika. Lakini viwanja havikuhama. Vimebaki pale pale vilipochimbwa, katika vitongoji vya magharibi na kaskazini mwa jiji: Upper Hill, Parklands, Muthaiga, Karen.

Eastlands, upande wa mashariki ambako serikali ya kikoloni iliwapangia Waafrika makazi, ndiko wanakoishi wakazi wengi wa kipato cha chini hadi sasa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu takriban milioni 4.4 katika Kaunti ya Nairobi. Anayeishi Kayole au Embakasi na kutaka kucheza Parklands jioni ya siku ya kazi atalazimika kulivuka jiji zima katika msongamano wa magari unaojulikana vyema na kila abiria wa matatu. Jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa kuwa jiji liko jirani na ikweta. Hesabu hiyo ni rahisi kuifanya: mtu akitoka kazini saa kumi na moja, atafika uwanjani giza limekwisha kuingia. Kwa hiyo uwanja wenye taa ulio karibu na nyumbani, hata kama una nyufa, una manufaa kuliko uwanja mzuri ulio mbali. Wanaotafuta mahali pa kuchezea kwa kutazama picha za kuvutia mara nyingi husahau jambo hili, na mwezi wa pili raketi inarudi kabatini.

Aina ya uwanja nayo ina uzito wake. Viwanja vya udongo mwekundu ulioshindiliwa, ambavyo klabu kongwe huvipenda, ni laini kwa magoti na huupunguzia mpira kasi. Hata hivyo vinahitaji kumwagiliwa maji, kufagiliwa na kushindiliwa kila siku, na mvua za Machi hadi Mei huweza kuvifunga kwa siku kadhaa mfululizo. Viwanja vya sakafu ngumu hukauka upesi baada ya mvua, na ndivyo hupatikana zaidi katika shule, hoteli na majengo mapya ya makazi.

Jambo jingine linalomshangaza mgeni ni hewa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwenye hewa nyepesi mpira huruka mbali na kudunda juu kuliko kawaida. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi zinaruhusu mpira maalumu wa nyanda za juu kwa maeneo yaliyozidi mita 1,219. Kampala, yenye mwinuko wa takriban mita 1,200, iko karibu kabisa na mpaka huo. Nairobi imeuvuka kwa mbali. Mchezaji wa Lugogo anayeona mipira yake ikitoka nje ya mstari wiki ya kwanza asikimbilie kubadili mkono wake. Aangalie kwanza mpira ulioandikwa nini.

Mambo hayo yote, hata hivyo, huja baada ya lango. Kwa kawaida uanachama wa klabu kongwe huhitaji kupendekezwa na wanachama waliomo, kulipa ada ya kujiunga na kisha ada ya kila mwaka. Zipo klabu ambazo bado hudai mavazi meupe uwanjani. Asiye mwanachama ana njia za pembeni. Anaweza kualikwa na mwanachama na kulipiwa ada ya mgeni, au kuwa mwanachama wa klabu ya Kampala yenye makubaliano ya kupokeana wanachama na klabu ya Nairobi. Wengine hukodi uwanja wa hoteli au wa shule kwa saa. Njia ya nne, ambayo wenyeji huitegemea zaidi, ni kocha. Makocha wengi wa Afrika Mashariki walianza wakiwa waokota mipira katika klabu hizo hizo, na ndio wanaojua uwanja upi uko wazi, saa ngapi na kwa masharti gani. Anayemlipa kocha mara nyingi huwa amelipia pia ufunguo.

Mwaka 2022 suala hili lilipata sura ya mtu. Angella Okutoyi, msichana aliyelelewa na bibi yake aliyekuwa akifanya kazi ya usafi katika shule jijini Nairobi, alishinda taji la wasichana la wachezaji wawili wawili huko Wimbledon, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Alikuwa Mkenya wa kwanza kutwaa taji katika mashindano makuu ya tenisi duniani. Pongezi zilitoka kila upande, na zilistahili. Lakini mtoto huyo hakurithi kadi ya uanachama. Alifika alikofika kwa sababu jamaa na makocha walimwona na kumfungulia njia, na mfumo unaotegemea kuonwa huwaacha wengi wasioonwa.

Hata timu za taifa hutegemea ukarimu wa klabu. Mwezi Juni 2023, mashindano ya Kombe la Billie Jean King ya kundi la tatu barani Afrika yalichezwa katika viwanja vya udongo vya Klabu ya Nairobi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliziachia kaunti jukumu la viwanja vya michezo na bustani za umma, hivyo swali la uwanja wa tenisi ambao mtoto wa Kayole anaweza kuufikia kwa miguu linaihusu Kaunti ya Nairobi kwanza. Kwa sasa macho na fedha za serikali ya taifa viko kwenye soka. Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2027, na kando ya barabara ya Ngong ulianza kujengwa mwaka 2024 uwanja wa Talanta wenye nafasi ya watazamaji 60,000. Eneo la uwanja mmoja wa tenisi, pamoja na nafasi ya kukimbilia pembeni, halifiki mita za mraba 700. Okutoyi, aliyeipatia Kenya dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Accra mwaka 2024, alikwenda kuendeleza masomo na tenisi yake katika Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani.