Ngao ya Jamii na Madebe Mawili ya Mpunga



Ligi kuu ya mpira wa miguu katika nchi yetu hufunguliwa kwa kushindania Ngao ya Jamii. Kabla ya mwaka 2023 ilikuwa ni mchezo wa siku moja baina ya timu mbili. Mwaka 2023 wakaitwa wanne waliomaliza juu katika ligi, nao ni Yanga, Simba, Azam na Singida, wakakutanishwa Tanga katika uwanja wa Mkwakwani. Nafasi hiyo hawakuipata kwa bahati. Kila mmoja wao aliitolea jasho katika michezo 30 ya msimu mzima.

Hapa kwetu Mbingu vijana waliufuata mchezo huo katika mabanda ya kuonyeshea mpira, na wazee redioni. Mwezi wa Agosti mpunga umekwisha vunwa na umo ghalani, na kila nyumba ina kitu cha kuuza.

Kabla ya fainali, kijana mmoja wa chuo chetu alituuliza, "Maalim, nani atashinda?" Tukamjibu kwa kucheka, "Yanga ndio bingwa wa ligi, na Azam wamekwisha mtoa kwa mabao 2 kwa 0. Simba amevuka kwa penalti tu. Nani wa kumzuia Yanga?" Sisi tulisema maneno ya barazani, yeye aliyachukua kama fatwa.

Jumapili tarehe 13 Agosti dakika 90 zilikwisha pasipo bao. Ikaja mikwaju ya penalti, na mlinda mlango wa Simba, Ally Salim, akaipangua mikwaju mitatu. Simba wakaitwaa Ngao kwa penalti 3 kwa 1.

Asubuhi yake mama wa kijana yule alikuja chuoni. Madebe mawili ya mpunga hayakuwamo ghalani. Mwanawe aliyauza kwa siri, na fedha akaziweka katika kamari ya mpira, ile waiitayo kubeti. Mama akasema kwa upole, "Maalim, mwanangu anasema wewe ndiwe uliyemhakikishia." Hatukuwa na la kujibu.

Kamari imeharimishwa katika Surat Al-Maida, nasi aya hizo tulikwisha msomesha kijana huyo, akazihifadhi. Lakini hatukupata kumwambia kuwa kamari ya leo haingoji karata wala meza, bali imo katika simu aliyoishika mkononi. Kosa hilo ni letu. Tukakubaliana naye afyatue matofali mpaka alipe debe moja, na la pili tukalilipa sisi kwa ajili ya ulimi wetu.

Mwaka 2024 walishindana wanne tena, safari hii Coastal Union wakiwamo. Tarehe 11 Agosti Yanga waliwafunga Azam mabao 4 kwa 1 katika fainali. Kijana wetu alitujia akasema, "Maalim, mwaka huu ningelipata." Tukamwambia, "Ungelipata, mwanangu. Lakini ule mpunga ungekuwa wa nani?" Akainamisha kichwa, kisha akasema, "Wa mama."

Enyi wazazi, hatuwakatazi watoto wenu kuupenda mpira. Timu iliyofanya kazi mwaka mzima yastahili kushangiliwa, na aliyeshindwa yastahili apewe mkono. Lakini waulizeni vijana wenu simu zao zinafanya nini siku ya mchezo, wala msingoje mpaka ghala lipungue. Nasi walimu na tuchunge maneno yetu, maana mtoto hajui lipi tumelisema kwa mzaha na lipi tumelisema kwa kweli.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie vijana wetu na riziki zetu. Amin.