JUA HAKI YAKO: Bomba Linapita, Nani Alipe Nini?



Mwezi huu tuzungumze juu ya mchango wa maji. Jambo hili huleta ugomvi katika vijiji vingi.

Tuchukue mfano. Mzee mmoja anaishi kijijini, nje ya mji wa Tabora. Bomba jipya litapita karibu na nyumba yake. Kamati ya maji imemwambia atoe shilingi 45,000. Mzee amekataa. Anasema, "Nimeonewa. Sitoi hata senti."

Je, mzee ana haki? Anayo haki ya kuuliza. Lakini kukataa tu hakumsaidii. Mke wake bado anaamka alfajiri kwenda kisimani.

Ugomvi wa malipo si mgeni katika nchi yetu. Zamani misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikavuka pori kavu la Mgunda Mkali, ikafika Unyanyembe. Baadaye iliendelea hadi Ujiji. Njiani ilitozwa hongo. Wakati huo hongo ilikuwa ushuru wa njia. Huko Ugogo, ambako maji ni haba, iliwabidi kulipa ili wapite na kuteka maji. Walibishana siku nyingi, kwa sababu kiasi hakikujulikana mapema na hapakuwa na stakabadhi. Leo neno hongo lina maana mbaya. Malipo yasiyo na hesabu huharibika.

Watu wengine husema, "Maji ya Serikali ni ya bure." Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kupeleka maji karibu na kila nyumba vijijini. Wananchi hawakulipa. Lakini mashine ziliharibika, na fedha za matengenezo hazikutosha. Sera ya Maji ya mwaka 1991 ilibadili jambo hilo. Wananchi walitakiwa kuchangia.

Maji yenyewe hutoka mbali. Kwa miaka mingi mji wa Tabora ulitegemea bwawa la Igombe. Mwaka 2021 ulizinduliwa mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria katika miji ya Tabora, Nzega na Igunga. Mradi huo ulijengwa kwa mkopo kutoka India. Bomba kubwa ni kazi ya Serikali. Lakini bomba dogo la kufika kwako lina gharama zake.

Basi mzee wetu afanye nini? Achukue kalamu na karatasi. Aulize mambo manne:

1. Kazi yote itagharimu shilingi ngapi?
2. Nyumba ngapi zitachangia?
3. Nani aliamua, na katika mkutano gani?
4. Nitapewa stakabadhi?

Tuseme anajibiwa hivi: mabomba na viungio ni shilingi 3,600,000. Nyumba ni 120. Sasa apige hesabu. 120 mara 45,000 ni 5,400,000. Zimezidi shilingi 1,800,000. Fedha hizo ni za nini?

Kamati inajibu, "Ni za vibarua wa kuchimba mtaro." Basi kamati haikuiba. Lakini je, wanakijiji waliulizwa kama wataweza kuchimba wenyewe? Hilo ni jambo la kupeleka kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa mkutano huo. Wakikubali kuchimba wenyewe, kila nyumba italipa 30,000. Kama kuna bibi mjane asiyeweza kulipa kwa mara moja, mkutano unaweza kukubali alipe kidogo kidogo.

Mzee naye ajiulize: mkutano wa kwanza alihudhuria? Asiyekwenda mkutanoni huamuliwa na wengine. Na siku ya kuchimba, aje na jembe lake.

Kama hakuridhika, aandike barua kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Abaki na nakala. Baadaye aende kwa Meneja wa RUWASA wa Wilaya. RUWASA ni wakala wa maji vijijini, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 2019. Mkazi wa mjini aanze na mamlaka yake ya maji. Asiposikilizwa, apeleke malalamiko EWURA.

Ukilipa, dai stakabadhi. Isome kabla ya kuondoka. Tazama jina lako, kiasi na tarehe. Iweke mahali pasipofika panya wala mvua.

Wazee wanasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe sasa unajua kusoma na kuhesabu. Tumia elimu hiyo kwanza kwa maji ya nyumbani kwako.

Maswali ya kujadili darasani: Kijijini kwenu nani anatunza daftari la maji? Lilisomwa lini mara ya mwisho mbele ya watu wote?