Ua la Wizi na Ua la Hiba

Ipo itikadi iliyotapakaa nchini mwetu, nayo hapa Kitengela, Kajiado, imepata makao kamili, kwamba ua la kuomba halishiki, bali lile lililonyofolewa kwa siri, jirani akiwa amegeuza kisogo, ndilo litakalochipua. Na kwamba aliyepewa mche kwa mkono mkunjufu hana ruhusa ya kusema ahsante, kwa kuwa shukrani huua. Wasemao hivi ni watu wa ibada, wasiothubutu kuokota yai la mtu, lakini mbele ya kopo la ua hujitolea fatwa.

Madhara yake huonekana mwisho wa mwezi, malori ya kuhama yanaposimama mbele ya ploti, makochi na magodoro yakapakiwa, na maua yakaachwa langoni katika makopo ya rangi na ndoo zilizopasuka, yakingoja kuzolewa na taka. Anayehama haoni maana ya kumpa mtu kitu ambacho, kwa itikadi yake, hakitashika. Anayebaki huona haya kuomba. Na kuiba nako hakuwezekani, maana kilichotupwa hakina mwenyewe wa kuibiwa. Basi mmea hufa baina ya watu wawili wenye kuupenda.

Tutazame sababu ya ua la wizi kuonekana kushika kuliko la hiba. Mwizi hukata kipande kichanga cha mmea wenye siha, hukipanda papo hapo, kisha hukichungulia kila asubuhi. Apewaye, aghalabu hupewa mmea uliokwisha kumshinda mwenyewe, mizizi imeoza katika huu udongo wetu mweusi, ambao masika huwa tope lisilopitisha hewa na kiangazi hupasuka nyufa. Fauka ya hayo, maji ya visima vingi vya Kitengela na kwingineko Kajiado yana chumvi na floraidi, na floraidi huunguza ncha za majani ya drasena. Mtu akaona ncha zimekuwa kahawia, akasingizia kijicho cha aliyempa, ilhali maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati yangemaliza shauri. Mmea wa namna hiyo hung'olewa chunguni, mizizi inayonuka ikakatwa, kidonda kikaachwa kikauke, kisha ukapandwa upya katika mchanga wa mtoni na samadi ya mbuzi iliyoiva, vitu viwili ambavyo Kajiado haijapata kuvikosa.

Lakini hoja inayoivunja itikadi hii kabisa imo katika sanseveria, lile ua lenye majani magumu yaliyosimama wima, yenye ukingo wa manjano, ambalo asili yake ni Afrika Magharibi hadi Kongo na ambalo jamaa zake wa porini wamejaa vichakani humu humu Kajiado. Mwizi, kwa haraka yake, huvunja jani moja. Akilichomeka mchangani litaota mizizi, na baada ya miezi litazaa vitoto. Lakini vitoto hivyo vitatoka kijani kitupu, bila ule ukingo uliomtia tamaa. Ukingo haupatikani ila kwa kuligawa shina lililo chini ya udongo, nayo ni kazi ya kisu, ya mchana kweupe, ya kuupindua mmea wote. Na kazi hiyo haifanywi ila na mwenyewe, au na aliyepewa idhini.

Na wasemao mche wa bure haushiki wamemsahau Wangari Maathai. Tangu alipoanzisha vuguvugu la kupanda miti la Green Belt Movement mwaka 1977, akina mama wa vijijini waliotesha miche na kuigawa, ikashika kwa mamilioni. Hapakuwa na haja ya mwizi hata mmoja.

Sisemi kila kitu kigawiwe. Dungusi kakati lililovamia malisho ya Laikipia na magugu maji yaliyoziba Ziwa Viktoria yaliletwa huku na watu waliotaka pambo au ua wa boma, na mwenye huruma anayekwenda kupanda masazo ya chungu chake nje ya seng'enge, katika malisho ya Wamaasai, hajaokoa kitu.

Ama hiyo amri ya kunyamaza bila kushukuru, ni utovu wa adabu uliovishwa kanzu ya hekima. Anayehama na agonge mlango wa jirani kabla ya kupakia kitanda, amwambie ua hili hunyweshwa mara moja kwa juma na lile halitaki maji ya kisima. Na jirani aseme ahsante, kwa sauti, hapo hapo mlangoni.